Kubadili mkanda wa saa ya bei kubwa: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Ukiletewa saa ya Uswisi iliyokwisha kuvaliwa uikague kabla ya kuinunua, usianze na kioo. Igeuze, uangalie upande wa ndani na wa nyuma wa zile pembe nne zinazoshika mkanda. Mara nyingi utakuta mistari myembamba iliyopinda, mingine imekatiza ukingo ikatokea mpaka nje. Saa haikuipata kwa kuvaliwa. Imeipata mezani, siku mkanda ulipobadilishwa. Kazi yenyewe ni fupi, haihitaji kufungua saa, na mtu yeyote mwenye mkono uliotulia anaweza kuifanya bila kuacha alama. Kinachoiharibu ni mambo ambayo watu wameambiana hadi yakazoeleka.

“Chuma cha saa ghali hakikwaruziki”

Kinakwaruzika, tena kwa urahisi. Kampuni nyingi hutumia chuma cha pua aina ya 316L, ambacho hutumika pia kwenye vifaa vya tiba na vya baharini. Rolex ilianza kutumia 904L mwaka 1985, na sifa kubwa ya chuma hicho ni kustahimili chumvi na asidi. Hakina ugumu wa kuishinda ncha ya zana. Dhahabu ya karati 18 ni laini zaidi. Kauri ndiyo ngumu kweli, ila ikigongwa inaweza kupasuka.

Kuna adui ambaye watu hawamfikirii: mchanga. Chembe zake za kwatzi, madini magumu ya mchangani, zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoishia 10, na hizo huchora chuma cha saa. Chembe hizo, pamoja na jasho lililokauka, hukaa kwenye ufa mwembamba kati ya mkanda na pembe. Kwa hiyo kabla ya kushika zana yoyote, safisha hapo kwa brashi laini. Kama saa haiingizi maji, tumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Kama huna uhakika nayo, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ukianza kazi bila kusafisha, mkanda wenyewe utausaga mchanga huo kwenye chuma.

“Hatari iko kwenye kutoa mkanda wa zamani”

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mkanda wa zamani ukishatoka, mtu anaona kazi imekwisha na mkono unalegea, kumbe sehemu ngumu ndiyo inaanza.

Pini ya mkanda ni bomba jembamba lenye springi ndani, na ncha mbili zinazochomoza huku na huku. Ncha hizo huingia kwenye vitundu vilivyo upande wa ndani wa pembe. Kuitoa ni rahisi: unapenyeza uma, yaani ncha yenye meno mawili ya zana ya kutolea pini, kati ya mkanda na pembe, unalishika bega la pini (ule ukingo ulioinuka karibu na ncha), unalivuta kuelekea katikati, mkanda unatoka. Wakati wa kurudisha, ncha inasukumwa nje na springi, nawe unatafuta tundu usiloliona. Ukiiburuza ncha kwenye chuma ukingoja iangukie tundu, umechora mstari wa ndani. Ukikandamiza zaidi na uma ukateleza, unapata ule mkwaruzo mrefu wa nje unaoonekana kila saa inapopigwa na mwanga.

Ingiza ncha ya kwanza kwenye tundu lake kabisa. Ya pili ibonyeze kwa uma hadi ifupike na kuupita ukingo wa pembe, ishushe ikiwa bado imebanwa, na usiiachie mpaka ifike usawa wa tundu. Nguvu yote ielekee katikati ya saa, kamwe isielekee kwenye pembe. Ikikaa sawasawa utasikia “tik” ndogo. Usipoisikia, toa uanze upya. Usiisukumesukume ikiwa nusu ndani nusu nje.

Cheni ya chuma ni ngumu kuliko ngozi, kwa sababu kipande chake cha mwisho kina kona kali na kinaingia kwa kubana. Kona hizo ndizo huchubua mgongo wa pembe. Kwa cheni, mimi napendelea zile koleo ndogo zinazobana ncha zote mbili kwa wakati mmoja, kama nambari 7825 ya Bergeon, kampuni ya zana za mafundi saa ya Le Locle, Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1791. Bei yake inauma, lakini ukilinganisha na saa unayoishughulikia, si kitu.

Baadhi ya saa, zikiwemo Submariner za zamani za Rolex, zina matundu yaliyotoboka mpaka nje ya pembe. Hizo ni raha: unaisukuma pini kutoka nje kwa ncha nyembamba, na karibu hatari yote inaondoka.

“Kisu chembamba kinatosha”

Hakitoshi. Ubapa wa kisu hauna uma wa kulishika bega la pini, kwa hiyo unategemea msuguano tu, na msuguano ukikata, kisu kinakwenda kinakotaka. Sindano na bisibisi ya miwani ni vivyo hivyo. Hata zana halisi ikiwa na uma mnene kuliko nafasi iliyopo itakukwaruzia.

“Ukibandika tepu umejikinga”

Tepu husaidia, na mimi siachi kuitumia: vipande vidogo vya tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, juu na nyuma ya kila pembe. Inazuia mguso mwepesi na kona za cheni. Haizuii uma uliosukumwa kwa nguvu. Huo unaitoboa na kuendelea. Tepu isikupe ujasiri wa kukandamiza.

“Ilaze kifudifudi tu, kioo ni cha yakuti”

Yakuti ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, ni kweli, lakini pete inayokizunguka kioo haina. Tena si kila saa ghali ina yakuti. Omega Speedmaster, ambayo NASA iliipitisha mwaka 1965 kwa safari za wanaanga, inatengenezwa mpaka leo katika toleo lenye kioo cha plastiki ngumu, na hicho hukwaruzwa hata na kitambaa chenye vumbi. Tandika kitambaa safi, kilichokung'utwa wakati huohuo, na usiisogeze saa kwa kuiburuza. Inyanyue.

“Mkanda wa 20 unaingia saa yoyote ya wanaume”

Pima. Nafasi kati ya pembe za Submariner ilikuwa milimita 20 kwa miaka mingi. Toleo la 2020 lina 21. Mkanda wa 20 kwenye nafasi ya 21 hutembea huku na huku na kuacha alama ndani ya pembe. Mkanda wa 22 uliolazimishwa nao hubana na kusugua kila unapokunja mkono. Unene wa pini nao huhesabika: ncha nyembamba ndani ya tundu kubwa hucheza na kulipanua polepole.

Kwa saa kama Royal Oak ya Audemars Piguet (1972) na Nautilus ya Patek Philippe (1976), zote kazi ya mchoraji Gérald Genta, cheni imeungana na umbo la saa. Mkanda wa kawaida hauingii kabisa, na hizo ningempelekea fundi aliyeidhinishwa na kampuni.

“Ukitoa mkanda, maji yataingia”

Hapana. Vitundu vya pini havifiki ndani ya saa. Maji huzuiwa na mipira ya kwenye kioo, kifuniko cha nyuma na kitufe cha kurekebishia saa.

“Mkwaruzo ukitokea, utasuguliwa utoke”

Kusugua ni kuondoa chuma. Kila mara kingo za pembe hupungua ukali, na ule mstari safi unaotenganisha sehemu ya kung'aa na sehemu yenye mistari ya brashi hufifia. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa saa ambayo haijawahi kusuguliwa. Dawa ya meno, inayopendekezwa sana, huacha doa linalong'aa katikati ya sehemu ya brashi, na doa hilo huonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Mchubuko mdogo nyuma ya pembe, uache.

“Pini za zamani bado nzima, zirudishe”

Pini huchoka. Hapa Pwani, chumvi na jasho huingia ndani ya bomba na springi hugoma. Ikiachia, saa huanguka sakafuni, na hapo hata yakuti inaweza kumeguka. Kila ukibadili mkanda weka pini mpya za kipimo kilekile, kisha ishike saa juu ya kitanda, uvute mkanda kwa nguvu pande zote mbili na kuupindapinda. Pini ambayo haijakaa vizuri itatoka hapohapo.