Mchana Hauongezeki, Lakini Majira Yapo: Dhana Potofu Kuhusu Saa ya Mwili

Hapa Mwanza husemwa mara nyingi kwamba, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na mchana wetu hauongezeki wala kupungua, wanyama wa huku hawana majira ya kuzaa. Msingi wa hoja hiyo si mbaya: tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote haifiki dakika 20, ilhali London inazidi saa 8. Hitimisho ndilo lenye kosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1967 kuhusu popo wakubwa walao matunda wa Kampala, ng'ambo ya ziwa letu, ulionyesha kwamba hujamiiana kati ya Aprili na Juni, kisha kiinitete husimama bila kujishikiza kwenye mji wa mimba hadi karibu Oktoba, na watoto huzaliwa Februari na Machi, masika yakikaribia. Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifikiria. Nyumbu wa Serengeti nao hupandana mwishoni mwa masika, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu, mwanzoni mwa mwaka, wakawa wengi kuliko fisi wanavyoweza kuwala.

Wapo wanaodhani melatonini ni homoni ya usingizi. Panya huitoa gizani vilevile, wakati ambapo yeye yuko macho akitafuta chakula. Homoni hiyo huueleza mwili kwamba ni usiku, na usiku huo ni mrefu kiasi gani.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba asiyelala mchana baada ya kukesha hajachoka vya kutosha. Usingizi hauendeshwi na uchovu peke yake. Juu ya mahali neva za macho zinapokutana, ndani ya ubongo, kuna kundi dogo la seli, ndiyo saa ya mwili, linaloongoza mzunguko wa takriban saa 24. Mwaka 1972 watafiti waliliharibu katika panya, wakaona mpangilio wao wa kukimbia na kunywa maji umevurugika. Mwanga ndio unaorekebisha saa hiyo kila siku. Mvuvi wa dagaa hukesha mbele ya taa siku za giza, akafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi jua likimwangaza usoni, na mbalamwezi ikija hurudi kulala usiku. Akijigeuzageuza kitandani saa sita mchana, mwili wake bado unahesabu kuwa ni mchana.