Maswali na Majibu Kuhusu Lishe Bora ya Mbwa

Swali: Mbwa hupenda nyama kuliko chakula kingine chochote. Kwa nini asilishwe nyama tupu?

Jibu: Mnyama wa mwituni anapokula windo lake haishii kwenye mnofu, hula pia mifupa, maini na matumbo, na humo ndimo hupata madini na vitamini ambazo mnofu hauna za kutosha. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mwili wa mbwa huhitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi kiasi. Kalsiamu inapopungua katika damu, tezi ndogo zilizo shingoni husababisha ichotwe kwenye mifupa, na ndiyo maana mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu huanza kuchechemea, miguu yake hupinda, na mfupa huweza kuvunjika kwa kuruka kidogo tu. Inasikitisha kwamba mara nyingi mwenye mbwa huyo aliamini anamlisha vizuri kuliko wengine wote. Kosa la kinyume nalo lipo: kumwongezea unga wa kalsiamu mtoto wa mbwa wa aina kubwa ambaye tayari anakula chakula kamili cha kiwandani huharibu ukuaji wa mifupa na viungo vyake.

Swali: Je, wali na viazi vinamfaa?

Jibu: Vinamfaa vikiwa vimepikwa, na visichukue nafasi ya protini. Mbwa wengi wa kufugwa wana uwezo mkubwa zaidi wa kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu.

Swali: Ale kiasi gani?

Jibu: Kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wa chakula ni cha kuanzia tu, kipimo cha kuaminika ni mwili wake. Ukipitisha vidole ubavuni, unapaswa kuzihisi mbavu bila kukandamiza, na ukimtazama kwa juu, kiuno kionekane. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa wa aina ya Labrador waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi. Mbwa mzima hulishwa mara 2 kwa siku, na mtoto mara 3 au 4. Vitafunio, yakiwemo mabaki ya mezani ambayo hakuna anayeyahesabu, visizidi asilimia 10 ya kalori za siku.

Swali: Ni vyakula gani asionje kabisa?

Jibu: Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu hata vikipikwa, pombe, pamoja na peremende zisizo na sukari zilizotiwa zailitoli, yaani kikoleza utamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo huweza kushusha sukari ya damu kwa ghafla. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha kali. Akila kimojawapo, apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama anacheza kama kawaida, kwa sababu madhara ya zabibu kwenye figo, na ya vitunguu kwenye chembe nyekundu za damu, huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye.