Uvimbe wa taya kwa mtoto: maswali ya mama mmoja wa Kondele, Kisumu

Mama mmoja alinifungulia leso akanionyesha jino la mwanawe wa miaka 6. Lilikuwa gego. Lilicheza wiki nzima, likatoka lenyewe, kisha shavu likavimba. Aliniuliza maswali ambayo kila mzazi wa huku kando ya ziwa anafaa kuyajua majibu yake.

Si jino tu hilo?

Meno ya mbele hung'oka katika umri huo. Magego ya utotoni hungoja hadi miaka 9 au zaidi. Gego likicheza mapema na taya likavimba, tufikirie limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za damu ziitwazo seli B. Wengine huvimba tumbo, au jicho likatokeza nje. Jina limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala.

Seli inaharibikaje?

Seli haigawanyiki kwa kupenda kwake. Hupokea ujumbe kwenye ngozi yake ya nje, protini moja ikaamsha nyingine, hadi ujumbe ukafika kwenye kiini na kuwasha jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, kama ile iitwayo MYC. Protini ya MYC huamuru seli ikue, na yenyewe haidumu hata saa moja. Ujumbe ukikatika, seli hutulia.

Katika Burkitt, kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, hukatika, na kipande chenye MYC mara nyingi huungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupigana na maradhi. Ndani ya seli B, jeni hizo hazilali. Basi MYC nayo hailali, hata kama hakuna ujumbe wowote uliotoka nje. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama, ukiona shavu la asubuhi si lile la jana, macho yako hayakudanganyi.

Mbona huku kwetu?

Kwa sababu ya malaria na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe huu huu. Malaria ya mara kwa mara huzisukuma seli B zifanye kazi bila kupumzika, zikikata na kuunga jeni zao ili kupata kingamwili mpya, na hapo ndipo kosa la kuunga hutokea. Watafiti waliwapima watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, ambako malaria ni chache, wakaona wa Kisumu huambukizwa virusi hivyo mapema zaidi. Kwa hiyo neti ya mtoto inamkinga na mengi kuliko homa.

Atawaambukiza ndugu zake?

Hapana, saratani hii haiambukizwi. Walale pamoja, wale sahani moja.

Inatibika?

Ndiyo, na watoto wengi hupona wakiwahi. Hukatwa kinyama kidogo kipimwe, kisha dawa za kemo, zinazoua seli za saratani, hupitishwa kwenye mshipa, nyingine kwenye uti wa mgongo. Uvimbe hunywea ndani ya siku chache tu, na hapo ndipo mzazi hushawishika kumrudisha mtoto nyumbani. Nakusihi, usimrudishe. Seli chache zilizobaki bado zinagawanyika kwa kasi ile ile. Maliza mizunguko yote ya dawa.

Niende naye lini?

Leo. Usijaribu antibayotiki za dukani wala dawa ya mitishamba kwanza. Panda matatu hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, na lile jino uende nalo.