Mtandao usio na seva kuu si lazima uwe salama
Katika maduka ya kompyuta hapa Moshi, wengi huamini kwamba faili lililopakuliwa kwa BitTorrent, yaani kwa kompyuta kugawiana vipande moja kwa moja bila seva kuu, ni salama kwa sababu hakuna mtu mmoja awezaye kulichezea. Imani hiyo ina msingi: kila kipande hupimwa kwa alama yake ya kihesabu, na kikibadilika hata kidogo hukataliwa. Lakini alama hiyo huthibitisha tu kwamba umepokea kile kile alichokiweka mtu wa kwanza. Kama aliweka virusi, utapokea virusi vile vile. Wingi wa wanaoligawa nao si ushahidi, kwani mtu mmoja aweza kujifanya mamia. Isitoshe, anwani yako ya intaneti huonekana kwa unaobadilishana nao, jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha.

Kuhakiki kunawezekana. Nakili alama ya SHA-256, yaani alama ya kihesabu ya faili zima, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Linganisha herufi na tarakimu zote 64, si nne za mwanzo tu. Ikitofautiana hata moja, lifute faili hilo kabla ya kulifungua.