Habib Swaleh wa Lamu: Matari yalivyoingia msikitini

Kila mwaka, Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukikaribia kwisha, Lamu hufurika wageni kutoka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja na kwingineko. Wengine huja kutazama mbio za punda na mashindano ya majahazi, wakarudi makwao wakidhani wameiona Maulidi ya Lamu. Sisi tunaoshughulika na historia na miswada ya Kiislamu ya pwani huulizwa: huyu Habib Swaleh anayezuriwa kaburini ni nani hasa, na alifanya nini hata watu wakamshika hivi?

Habari yake Lamu inaanza na ugonjwa. Swaleh bin Alawi alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, kwenye ukoo wa masharifu wa Jamalullayl, wenye asili ya Hadhramaut, huko Yemeni. Alipokuwa kijana aliletwa Lamu kwa ami yake, Sayyid Ali, ambaye alikuwa akitibu watu, ili naye auguzwe. Akapona, akasoma kwa wanazuoni wa mji, na hatimaye akahamia kabisa. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Sayyid Mansab, yule mshairi aliyeitia Maulidi ya Barzanji, kisomo cha Kiarabu cha kuzaliwa kwa Mtume, katika beti za Kiswahili.

Lamu ya siku hizo ilikuwa mji wa vyeo. Waungwana walikaa Mkomani, kwenye majumba ya mawe. Upande wa Langoni walikaa Wangazija, Wahadhrami waliofika karibuni, wazalia (watoto wa watumwa waliozaliwa hapahapa) na watumwa, wengi wao katika vibanda vya makuti. Elimu nayo ilifuata mpaka huohuo. Mtumwa alitakiwa ajue cha kumtosha kwa sala yake. Fiqhi (elimu ya sheria), nahau (sarufi ya Kiarabu) na tafsiri ya Kurani zilikuwa urithi wa wenye nasaba, na wengi hawakuona ajabu yoyote katika hilo.

Habib Swaleh alikuwa sharifu. Angeweza kukaa Mkomani akabusiwa mkono na asidaiwe zaidi. Akachagua Langoni, akafungua darasa kwa yeyote aliyetaka kukaa mkekani, watumwa na watoto wao wakiwemo. Msomaji akumbuke kwamba utumwa katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria ila mwaka 1907. Kwa hiyo mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenziwe alikuwa akifunuliwa kitabu na sharifu, naye akiulizwa: umefahamu? Waungwana walikasirika, wakamlaumu waziwazi kwamba anaivunja heshima ya elimu. Hakuacha.

Baya zaidi machoni pao lilikuwa ngoma. Watu wa Langoni walikuwa na goma lao la uta, na wenye elimu waliliona upuuzi wa washamba. Habib Swaleh hakuwafukuza watu kwenye ngoma yao. Aliwaendea hukohuko, akawavuta kutoka huko. Kisha akafanya lililozua mabishano makubwa zaidi: aliingiza matari msikitini. Hadhramaut, katika mji wa Seiyun, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi alikuwa ametunga maulidi iitwayo Simt al-Durar, ambayo watu wetu wanaiita Maulidi ya Habshi. Habib Swaleh aliileta Lamu ikasomwa kwa kaswida na matari, watu wakiitikia kwa sauti moja na miili ikiyumba pamoja. Barzanji ilisomwa majumbani kwa wakubwa kwa utulivu, na asiyejua Kiarabu alibaki kusikiliza tu. Katika Habshi asiyejua kusoma ana kazi: anapiga tari, anaitikia, anasimama na wenzake wakati wa kiyamu, pale kuzaliwa kwa Mtume kunapotajwa. Ndiyo maana siafiki wanaosema kwamba matari yalikuwa pambo tu. Yalikuwa mlango, na wengi walioingia kwa mlango huo waliishia kwenye darasa.

Darasa hilo likawa Riyadha. Jina lilitoka Seiyun, kwa msikiti wa Habib Ali, na maana yake ni mabustani. Mwanzo wake ulikuwa mnyonge. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa msikiti na chuo ambacho wanafunzi wa mbali huja kukaa na kusoma.

Wapo wanaodhani usufi lazima uwe wa kujitenga na watu. Tarika ya Alawiyya, aliyoifuata Habib Swaleh, haikujengwa juu ya hilo. Nguzo zake ni elimu, adabu, kuwatumikia watu, na nyiradi, yaani dhikri na dua za kila siku, kama Ratib al-Haddad, ambayo husomwa mpaka leo katika misikiti mingi ya pwani. Yeye mwenyewe alikuwa akitibu wagonjwa, kama ami yake. Karama zinazosimuliwa juu yake ni nyingi, na wazee wa Lamu wanazihifadhi vizuri kuliko sisi. Mimi kila nikisoma habari zake narudi palepale mkekani, kwa yule mtumwa aliyefunuliwa kitabu.

Alifariki mwaka 1935. Mwanawe, Ahmad Badawi, akaendeleza kazi, na uongozi ukabaki katika nyumba hiyo. Wanafunzi wa Riyadha wakatawanyika pwani na bara, wakafungua madrasa, wakaipeleka Maulidi ya Habshi kule walikokwenda.

Urithi mwingine haupigi kelele. Riyadha ina zaidi ya miswada 100 ya Kiarabu: fiqhi ya Kishafii, nahau, nyiradi, maulidi. Imepigwa picha za kidijitali kwa sababu chumvi ya bahari, unyevu na mchwa havina huruma na karatasi. Vingine ni vitabu vya wakfu, vilivyotolewa ili visomwe na wanafunzi, visiuzwe wala kurithiwa. Ukifika Lamu msimu wa Maulidi, usiondoke baada ya mbio za punda. Ngoja ziara. Watu huelekea makaburini, hapo penye kaburi lake, husoma fatiha na kuomba dua, kisha hurudi mjini kwa matari na kaswida, wazee kwa watoto, wa Mkomani na wa Langoni katika safu moja.