Damu ya nje na damu ya ndani: maswali na majibu kuhusu huduma ya kwanza kwa majeraha

Jeraha wazi na jeraha lililofungika yanatofautiana vipi?

Jeraha wazi ni lile lililopasua ngozi: panga limekata mguu, goti limechubuka lami, msumari umepenya unyayoni, mbwa ameng'ata. Kwenye jeraha lililofungika ngozi inabaki nzima, ila nyama, mishipa au viungo vya ndani vimeumia na damu inavilia humo humo.

Watu hukimbilia lile la kwanza kwa kuwa damu inaonekana. Tazama ajali ya bodaboda: abiria aliyechunika mkono anapiga kelele na amezungukwa na umati, huku dereva aliyejigonga tumboni na usukani ameketi pembeni akisema, "Mimi niko poa." Mara nyingi huyo wa pembeni ndiye mgonjwa zaidi. Nitamrudia hapo chini.

Nimejikata kidole nikimenya mihogo na damu inachuruzika. Nianze na nini?

Kubonyeza. Chukua kitambaa safi, hata kipande cha kanga iliyofuliwa, ukandamize juu ya jeraha lenyewe kwa nguvu huku umeinua mkono. Tazama saa na ukae hivyo dakika 10 bila kufunua. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kila baada ya muda mfupi anachungulia kama imekoma, na kila akifunua anabandua damu iliyokwisha anza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na ukandamize zaidi. Ukimsaidia mtu mwingine, vaa glovu. Kama hakuna, ingiza mkono kwenye mfuko safi wa plastiki, hata wa mkate.

Damu ikiruka kwa mapigo kutoka mkononi au mguuni na kubonyeza hakuizuii, hapo funga kitambaa kipana kuzunguka mkono au mguu, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea upande wa moyo, si kwenye kiwiko wala goti. Pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga, kisha mgonjwa aende hospitali bila mtu kulegeza njiani. Kamba nyembamba na waya hukata nyama. Na kufunga huku si kwa kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni.

Mama mkwe anasisitiza niweke unga wa kahawa. Nimjibu nini?

Mwambie kwa adabu, "Mama, ngoja kwanza nioshe." Kahawa huonekana kama imezuia damu kwa sababu inainyonya tu, na chembe zake zinabaki ndani ya jeraha hadi mhudumu wa zahanati aje kuzitoa moja moja wakati wa kusafisha, kazi yenye maumivu kuliko mkato wenyewe. Mafuta ya taa na dawa ya meno navyo havina kazi pale. Udongo na kinyesi cha ng'ombe ni hatari kupita vyote, kwani ndimo vinamoishi vijidudu vya pepopunda. Spiriti ikimwagwa ndani ya jeraha huunguza nyama hai na kuchelewesha kupona, ingawa wengi tulikua tukiamini kwamba dawa isiyowasha haifanyi kazi.

Damu ikishakoma, dawa ya kwanza ni maji safi mengi: ya bomba yanayotiririka, au yaliyochemshwa yakapoa. Mwagia dakika kadhaa, ngozi ya pembeni uioshe kwa sabuni. Kisha funika kwa shashi na bendeji. Usiweke pamba moja kwa moja, maana nyuzi zake hunasa, na kuibandua kesho yake ni kulianzisha jeraha upya. Bendeji ikilowa au kuchafuka, badilisha.

Jeraha likiwa na mdomo ulioachama, au liko usoni au kwenye kiungo, nenda kushonwa siku hiyo hiyo. Saa zinavyopita vijidudu huzaliana, na mhudumu anaweza kuamua kuliacha wazi lipone lenyewe polepole.

Nimekanyaga msumari. Tundu ni dogo na halitoi damu. Si ni afadhali?

Hapana. Damu ikitoka inasukuma nje baadhi ya uchafu. Tundu jembamba na refu haliosheki vizuri, hewa haifiki chini, na kijidudu cha pepopunda hupenda mahali pasipo na hewa. Kutu yenyewe haina kosa. Kosa ni la udongo na samadi iliyoshikana na msumari. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, shingo inakakamaa, misuli inashtuka. Usizisubiri. Jeraha likiwa chafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, au hukumbuki uliipata lini, nenda ukachomwe sindano. Kwa jeraha dogo na safi kipimo ni miaka 10.

Kitu kikubwa kikiwa bado kimechoma, kama nondo au kisu, kiache hapo hapo. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Zungushia vitambaa pande zote kisitikisike, na daktari atakitoa.

Na mbwa aking'ata?

Sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama meno yamekwaruza tu. Usingoje kuona mbwa atafanyaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto ameanguka ana nundu kwenye paji la uso. Bibi anataka kumchua kwa maji ya moto.

Bibi anamhurumia mjukuu, lakini joto na kuchua hufungulia mishipa iliyopasuka, damu ikazidi kuvilia. Siku mbili za kwanza ni baridi tu: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, pumzisha, rudia. Hakuna barafu? Kitambaa kilichochovywa maji ya mtungini kinafaa. Usitoboe uvimbe kwa wembe au sindano. Aspirini asipewe, kwani huzuia damu kuganda na si dawa ya watoto.

Akitapika zaidi ya mara moja, akilala usingizi usioamshika, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, akipata degedege, au damu au majimaji yakitoka puani na masikioni baada ya kuanguka, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Yule dereva wa bodaboda aliyesema yuko poa?

Mshike mkono. Ukiwa wa baridi na umelowa jasho, mapigo yanakwenda mbio, midomo imepauka na anaomba maji kila mara, huenda anavuja damu ndani. Tumbo linaweza kuwa gumu, au akalalamika bega la kushoto linauma ilhali hakuliangukia. Hiyo huweza kuwa ishara ya bandama kupasuka. Mkojo wenye damu nao unahesabika. Dalili hizi zinaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, ameshafika nyumbani.

Mlaze chali, mfunike nguo, usimpe chakula wala maji hata akiomba, maana huenda akahitaji upasuaji. Akilalamika shingo au mgongo, asiinuliwe wala kukunjwa juu ya pikipiki nyingine. Mwache alale bila kutikiswa hadi gari la wagonjwa lifike. Kwa Tanzania, mgonjwa atangulie hospitali na ndugu mmoja apite polisi kufuata PF3, yaani fomu ya polisi kwa ajili ya majeruhi. Atakayemsindikiza amwambie daktari ajali ilitokea saa ngapi na tumbo liligongwa na nini.