Ikoni huria ni zipi, na kwa nini programu huria haiokoti picha popote

Ikoni huria ni ile ambayo aliyeichora ameitolea leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuigeuza na kuisambaza upya, kwa bure au kwa pesa, bila ya kumrudia yeye kumwomba ruhusa. Ikoni zenyewe twazijua: kijinyumba cha kurudi mwanzo, kioo cha kutafutia, pipa la kutupia. Udogo wake ndio unaowafanya watu wazichukulie kuwa hazina mwenyewe. Zina mwenyewe. Hakimiliki haingojei kusajiliwa, huanza pale mchoro unapochorwa. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Ikoni isiyotajiwa leseni ni ya mtu ambaye hajasema lolote, na kimya chake si ruhusa.

Tuchukulie vijana wa Chake Chake, Pemba, wanatengeneza programu huria ya simu, yaani ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa kila mtu kuuchukua na kuugeuza, ya kuandikia hesabu za karafuu: mchumaji kachuma pishi ngapi, zimeanikwa lini, mizani imesoma kilo ngapi. Wanataka ikoni ya mizani. Wanaikuta nzuri mno mahali palipoandikwa "pakua bure", wanaichukua. Masharti yapo chini kabisa, kwa maandishi madogo: itumie ndani ya kazi yako upendavyo, ila usiliweke faili la ikoni pahala ambapo wengine wataweza kulichukua. Kwa programu iliyofungwa, sharti hilo halina uzito. Kwa programu huria ni kizuizi kikubwa, kwa sababu folda la ikoni linakaa wazi pamoja na msimbo na kila anayenakili mradi analinakili nalo. Wamelivunja sharti siku ya kwanza, na hawajauza kitu. Hapa ndipo nionapo watu wengi wakiteleza: wanauliza kama watalipishwa, hawaulizi kama wanaruhusiwa kugawa.

Hata leseni za Creative Commons (CC), zilizoandikwa tayari ili wachoraji na waandishi wazitumie kugawa kazi zao, si zote huria. Yenye herufi NC inakataza matumizi ya biashara, kwa hiyo mnunuzi wa karafuu akitaka kuiuza programu hiyo pamoja na mafunzo, hawezi. Yenye ND inakataza kusambaza mchoro uliogeuzwa, hata kama umebadilisha rangi tu. Zinazofaa ni CC0, ambayo haidai chochote. CC BY, inayodai mchoraji atajwe. Na CC BY-SA, inayodai pia kwamba mchoro ulioutoa humo ubaki na leseni hiyohiyo. Kisha kuna leseni za msimbo, kama MIT na Apache, ambazo wachoraji wengi wa ikoni huzitumia: seti za ikoni za Feather, Tabler na Bootstrap Icons ziko chini ya MIT, Material Icons za Google ziko chini ya Apache 2.0. Font Awesome ya bure imegawika: ikoni ni CC BY 4.0, fonti ni SIL OFL, msimbo ni MIT. Zisomwe zote tatu.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya kukuza. Mwaka 2006 Debian, mfumo wa kompyuta ambao kanuni zake zinataka kila kilichomo kiwe huru pamoja na picha, ulikuwa ukisambaza kivinjari cha Firefox bila ya nembo yake rasmi, kwa kuwa leseni ya nembo ile haikuwa huru. Mozilla, wenye Firefox, wakasema jina na nembo haviachani. Debian wakalibadilisha jina la programu nzima, ikaitwa Iceweasel, na jina la Firefox halikurudi hadi 2016. Miaka kumi, chanzo ni kipicha kimoja na jina lake.

Ushauri wangu ni kuchagua seti moja mapema na kushikamana nayo. Ukichanganya seti nne, una leseni nne za kufuatilia, na skrini yenyewe inaonekana imeungwaungwa. Karibu na ikoni weka faili la maandishi lenye jina la seti, toleo, mchoraji, leseni na kiungo cha ulikoitoa, na useme kama umeigeuza. Kwa MIT, nakala ya leseni yenyewe iwemo. Andika siku ileile unayoileta ikoni, maana baada ya mwaka hakuna akumbukaye.

Kuna vitu ambavyo seti hizi hazikukusudiwa kuwa navyo. Mizani ipo, kalenda ipo. Jamvi la kuanikia karafuu, pishi, pakacha, utavichora mwenyewe. Feather na Tabler zimechorwa kwenye mraba wa pikseli 24 kwa 24, mstari wa unene wa pikseli 2, ncha za mviringo. Fungua Inkscape, programu huria ya kuchorea, weka vipimo hivyo, na jamvi lako litakaa sambamba na ikoni zao kana kwamba mkono ni mmoja. Ukimaliza, nalo liandikie leseni. Ukiliacha hivihivi, kijana wa Wete atakayelitaka mwakani atakuwa hana ruhusa, ijapokuwa wewe ulikuwa radhi kabisa.

Nembo za kampuni, za mitandao ya simu na za kutuma pesa, ziweke mbali na hesabu hii. Seti inaweza kuwa nazo na leseni ikawa huria, lakini alama ya biashara inabaki ya kampuni. Kwa kitufe cha kulipa, picha ya noti inatosha.